Shingo ya Mama Mdogo

"Safi, mama! Safi kabisa! Faili lako nimeliona kwa macho yangu, miaka kumi na tisa, shingo haina hata kipele!"

Kiorina alikuwa ametoka mbio kwenye meli ya madaktari, siku yake ya kwanza ya ukalimani, furaha tele. Kila mwaka meli hiyo huja kisiwani kuwapima uvimbe wa shingo watu walioangukiwa na majivu ya bomu la nyuklia la Wamarekani.

Mama alikuwa akiparua shelisheli la kuchoma kwa gamba la kombe. Hakuinua uso.

"Hiyo shingo ni ya mamako mdogo."

"Mama, acha utani wako!"

"Utani gani? Siku ya majivu yeye alikuwa kisiwa kingine. Mimi ndiye niliyeungua. Halafu Wazungu wakatuvua nguo, wakatuosha mbele ya kaka zetu. Kaka zangu wa tumbo moja, Kiorina! Nikaapa hawanigusi tena. Basi anakwenda yeye, na kadi yangu. Wazungu wale, watatujulia wapi?"

Akafungua kitambaa cha shingoni ambacho siku zote alisema ni cha kikohozi. Uvimbe ulikuwa kama yai la kuku. Alipomeza mate ukapanda, ukashuka.

Huko nje meli ikapiga honi ya kwanza ya kuondoka.

"Usinililie, we msomi. Mengine nitakusimulia kesho."

Kiorina akaokota ndala za mama, akapiga magoti.

"Kesho utanisimulia tukiwa melini. Inua mguu."