Wali wa Kunguru

"Alamelu, hivi kunguru wanakula wali unaomwekea mumeo?"

Aliyeuliza ni jirani yake, Kamalamba, siku ya nne tangu yeye Kamalamba arudi kuhiji Rameswaram. Siku tatu za kwanza hakutoka hata kufagia uani, naye ni mwanamke asiyeweza kulala na habari ya paka aliyevunja chungu. Aliuliza akitazama chini.

"Hawali," Alamelu alijibu.

Miaka kumi na miwili, kila mwezi unapoandama, alipandisha juu ya paa jani la mgomba lenye wali na ufuta. Kunguru walitua, wakaugeuzia shingo, wakaenda kudonoa takataka za jirani. Na kila mtu anajua: kunguru akikataa, marehemu hajaridhika. Ukingoni mwa mto yalipatikana makubazi ya mumewe na shati lililokunjwa vizuri. Mwili mto haukuurudisha.

Mambo hayana siri. Mama wa kijana aliyemposa Mythili, binti wa Alamelu, akayasikia. "Hatuoi kwenye nyumba yenye maiti ya kinyongo," alituma kusema. "Nenda Rameswaram. Kunguru wa kule wakila, tutazungumza arusi."

Basi Alamelu akaenda.

Mji ni wa Mungu, hilo hakulitilia shaka. Lakini mlangoni kwa Mungu wamekaa mbu. Kulikuwa na mwanamume aliyemmwagia ndoo ya maji ya kisima kitakatifu huku akipiga miayo. Mahujaji walitoka visimani wakitiririka maji, wakagombania vioo vya kuchania nywele. Tajiri mmoja alisali jicho moja limefumbwa, jingine likilinda viatu. Alamelu aliwapita wote kama mtu anayepita kwenye jalala, ukingo wa sari umemfunika mpaka puani.

Pwani, makuhani wa matambiko ya wafu walikaa chini ya miavuli, safu nzima, wakimnadia.

"Mama, njoo kwangu! Kwangu wafu hawachelewi!"

"Usimsikilize huyo, mama, jana kasahau dua katikati!"

"Kwangu kuna mkeka!"

Alamelu alikwenda polepole, akiwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua bilinganya na zote zina mabuu. Huyu meno mekundu kwa tambuu. Yule anasinzia. Alipita ishirini na kitu. Mwavuli wa mwisho kabisa alikaa mmoja mwenye nywele zilizopakwa piko mpaka masikioni, tumbo limetangulia, simu imechomekwa kiunoni pamoja na uzi mtakatifu.

Mbele ya huyo ndipo Alamelu alipokaa.

Kuhani hakuinua macho. Alishauona ukingo wa sari ya ujane, na uso wa mjane asubuhi ni mkosi, basi alizungumza na kikapu chake.

"Umeleta wali? Ufuta? Haya. Mwanamke hamimini maji ya wafu, nitamimina mimi kwa niaba yako. Shika huu unyasi, kisha unirudishie, ndiyo ruhusa yako. Nani amekufa?"

"Mume."

"Wanaume hawadumu," alisema kuhani, akafinyanga matonge ya wali upesi kama mama lishe mwenye wateja wengi. "Jina la marehemu?"

"Mke hatamki jina la mumewe."

Kuhani akacheka, akawageukia waliokwisha kupanga foleni nyuma ya Alamelu. "Mnawasikia wa mashamba? Mama, hiyo ni kwa mume aliye hai, usije ukampunguzia siku zake. Wako ana siku gani za kupunguza? Taja, wenzio wanangoja."

Foleni ikacheka.

"Anza na wazee wake," Alamelu alisema.

"Haya, mama mkwe wa ulimwengu. Babu yake?"

"Muthuswami, wa ukoo wa Kaundinya."

Kuhani akaimba dua, akamimina maji na ufuta, huku jicho moja likiwatazama wateja wa mwavuli wa pili.

"Baba yake?"

"Ramaseshan. Mpishi wa hekalu. Kidole cha shahada kilikatwa na mbuzi ya kukunia nazi."

Mkono wa kuhani ukasimama hewani. Maji yakamtiririka kiganjani, yakaishia mchangani bila dua.

"Bwana kuhani, vipi tena?" mtu akauliza kwenye foleni. "Umesahau na wewe?"

"Simu ilie tu, atakumbuka," mwingine akasema.

Kuhani akaimba, safari hii bila kutazama mwavuli wa pili. Akamimina. Akafinyanga upya tonge lililokuwa tayari limefinyangwa. Kisha, bado akitazama kikapu:

"Na... mwenyewe?"

"Umeshanifundisha mbele za watu," Alamelu akasema. "Jina la mume halitamkwi akiwa hai." Akaushusha ukingo wa sari, uso ukabaki wazi. "Ndiyo maana silitamki. Mimina."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile kuhani aliinua macho akamtazama mjane. Piko lilikuwa limeanza kuyeyuka kwa jasho, likimshuka shavuni. Aliangalia foleni. Aliangalia bahari, kama mtu anayetafuta pa kuacha makubazi.

Kisha akachota maji kwa kiganja, akayamimina juu ya tonge la tatu, akalitaja, "Vaidyanathan," jina ambalo hakuna mtu aliyemwambia.

Kunguru mmoja akashuka, akaanza kulidonoa tonge. Alamelu akangoja amalize punje ya mwisho, akafunga kitambaa chake, akaondoka.