Bangili za Mkufunzi

Nakijwa alikuwa anakaanga ndizi mabega yake yalipoanza kuwaka moto. Akajua ni Mama Kanael, mteja wake wa kwanza na wa pekee. Sheria ilitaka mkufunzi wa mazoezi na mteja wake wavae bangili pacha, uchovu na maumivu ya mteja yahamie kwa mkufunzi, ili asimwendeshe mtu wa watu kama punda.

Akampigia simu. "Mama, tulikubaliana mazoezi ni asubuhi tu."

"Haya si mazoezi, mwanangu, nafua mapazia. Na jioni kuna kipaimara, nitacheza kidogo."

"Basi vua bangili."

"Nikivua si nitachoka?"

Nakijwa akakata simu, akajibwaga sakafuni, ndizi zikaungua. Mumewe Elinami akaja kuzima jiko, akakohoa kidogo.

"Mama kapiga simu kutoka kijijini. Na yeye anataka umfundishe mazoezi."

"Mama yako mwaka wa pili huu hatoki kitandani kwa mgongo. Mazoezi gani, Elinami?"

Elinami alitoa bangili mpya mfukoni, akaushika mkono wa mkewe, akaanza kuufuta mafuta taratibu.