Nyasi za Paa

Nyuma ya uzio wa miiba majani yalifika magotini, lakini ng'ombe wa Masalu alikuwa amelala uani, ameshindwa kuinuka kwa njaa. Majirani wote walikubaliana kuyapumzisha malisho yale mpaka mbegu zidondoke, na Masalu ndiye waliyemchagua kuyalinda.

"Kata mzigo mmoja tu," alisema mkewe, Kabula. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Haya, kesho ukamue huo uaminifu wako, watoto wanywe."

Masalu alipanda juu ya nyumba yao, akaanza kuchomoa nyasi za paa na kuzitupa chini, fungu baada ya fungu. Zilikuwa kavu na zimejaa masizi. Kabula alizitazama kwanza, kisha akazikung'uta, akazinyunyizia maji ya chumvi na kumsogezea ng'ombe mdomoni. Ng'ombe alizinusa kwa muda mrefu, halafu akatafuna.

"Baba Limi, na mvua ikija?"

"Si ndiyo tunayoiomba?"

Kabula aliingia ndani. Jua lilikuwa likipenya kwenye paa lililo wazi na kumulika kitanda chao. Alikisukuma hadi pembeni, akatoka, akanyoosha mikono kupokea fungu jingine.