Sanda Kwenye Kamba

Huku kwetu nguo nyeupe ni marufuku. Ukiiona dohani ya mtambo wa makaa ya mawe kutoka mlangoni pako, unavaa nyeusi au kijivu, basi. Serikali inasema mtambo umezeeka, lakini ndio unaowasha nusu ya taa za nchi, na nguo nyeupe inausema vibaya.

Mimi pia nimezeeka, na sijaona anayenilinda hivyo.

Juzi mvua iliingia sandukuni mwangu, nikaianika sanda yangu uani ipigwe na jua. Haikupita robo saa akaingia Mkaguzi Haji Pandu, bila hodi.

"Bibi, hiyo nguo nyeupe ni ya nani?"

"Ni sanda yangu. Au unataka nizikwe na nyeusi kama mwizi?"

"Sheria haijui sanda."

"Basi aliyeitunga hajawahi kufiwa."

Hakucheka. Nilipotaka kuianua, akanishika mkono.

"Iache. Sitaichukua wala sitakushtaki. Nitakaa hapa mpaka jioni, itakuwa imeshafuata sheria yenyewe."

"Kumbe jivu lipo, Haji! Si mlisema redioni kwamba halipo?"

"Sijasema jivu, Bibi. Nimesema jioni."

Akavuta kigoda changu cha jikoni, akakaa. Upepo ulikuwa unatoka mtamboni. Nikasimama kati ya dohani na sanda, nikainyoosha mikono yote miwili. Mimi ni mfupi, na sanda ile ni dhiraa saba.