Sare ya Arobaini na Moja

Kitambaa kilitosha sare arobaini tu, na tangu jana, alipoletwa Tumsifu, yatima wa kituo walikuwa arobaini na mmoja. Perpetua, fundi cherehani, akafungua kompyuta ya kanisa na kubonyeza makro, programu fupi ya kupanga vipande vya sare, aliyoiandika mwenyewe. Kwenye jedwali, kila kisanduku kilikuwa inchi moja ya kitambaa. Vikaanza kujipaka rangi, mkono wa shati hapa, kola pale, vikihama na kubanana.

"Mbona mikono inalala kichwa chini?" aling'aka Bibi Damari, mkataji wao wa siku zote. "Miaka thelathini nakata, sijaona kioja hiki!"

"Bibi, kitambaa chenyewe hakina juu wala chini. Ni sisi tu tunaoipanga mikono kama inavyovaliwa."

Rangi zikatulia. Arobaini na moja!

"Bwana asifiwe!" Perpetua aliruka mpaka kigoda kikaanguka. "Tumsifu naye atavaa!"

"Kompyuta ikikosea, hatuna kitambaa kingine, mwanangu."

"Najua, bibi."

Bibi Damari akafumba macho, midomo ikimcheza kwa sala. Kisha akaigeuza karatasi ya kukatia mkono wa shati kichwa chini juu ya kitambaa, akaizungushia chaki, akafungua mkasi.