Kipimo cha Kiuno

Najma, fundi nguo, alikuwa akimpima bibi mmoja kiuno wakati futi yake ilipopita juu ya kitu kigumu chini ya mtandio.

"Bastola hiyo, mwanangu. Usiogope, nina leseni."

Najma aliivuta futi haraka. Kwao Tanga, alikotoka mwezi uliopita, bunduki aliziona kwa askari tu, tena kwa mbali. Huyu alikuwa bibi wa Kizanzibari mwenye duka la vitambaa hapo mtaa wa Fordsburg, kusini mwa Afrika, mfupi, mpole, tasbihi mkononi.

"Umewahi kuitumia, bibi?"

"Mara moja. Majambazi walimwangusha mume wangu dukani, damu inamtoka, na bado wanampiga. Nikafyatua juu, wakakimbia. Leo yuko nyumbani analalamika mchuzi hauna chumvi."

Najma aliitazama mikono ile myembamba yenye hina.

"Basi iweke mezani nikupime."

"Haiachwi mezani. Sheria ya hapa inataka niwe nayo mwilini, na watu wasiione. Nishonee gauni la kuificha."

Najma akairudisha futi, akaipitisha juu ya bastola taratibu, kama anayepima tumbo la mjamzito.

"Bibi," akauliza kwa sauti ya chini, "mfuko niuweke kulia au kushoto?"