Mate Ubaoni

Profesa alilamba kidole gumba, akakipitisha juu ya alama ya kutoa niliyoiandika ubaoni. Ikafutika.

Alama ile ikiwepo, nadharia yake ya chembe za kwanta, iliyompatia jina na ofisi yenye zulia, inaanguka. Isipokuwepo, mambo shwari.

"Uliteleza kidogo, binti yangu," alisema. "Endelea."

Wahadhiri wenzake waliokaa mbele walijifanya wanatafuta kitu mikobani. Wote walikuwa wameikagua hesabu yangu, na wote walijua sikuteleza. Shahada yangu nayo ilikuwa ikingoja saini yake.

Akanipa chaki. Ilikuwa na unyevu wa kidole chake.

Pale alipofuta palibaki doa jeusi linalong'aa, lenye kipovu kimoja pembeni. Niliweka chaki juu yake, nikavuta mstari. Haikuandika, chaki haishiki penye mate.

"Binti yangu," alisema tena, safari hii polepole.

Nikashika upindo wa mtandio wangu mpya, nikayapangusa mate yake mpaka ubao ukakauka. Kisha nikainua chaki.